Ukitaka Kuinuka, Sema

Katibu wetu wa baraza, Neema, alinipa kaunta buku na kalamu mbili, akasema, "Mama Kabula, andika mambo ya kazi kabla hujasahau. Wajumbe wapya hawajui pa kuanzia." Nilimwambia kusahau si ugonjwa wangu. Ningekuwa mtu wa kusahau, ningekuwa nimenenepa. Lakini kalamu nilichukua.

Mimi ni Minza. Nimekaa miaka kumi na minane kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa la kata yetu, huku upande wa Rwamgasa, na mwaka huu nimetoka kwa sababu ya magoti. Shule yangu ni darasa la nne, hivyo mkikuta sentensi imelala vibaya, iamsheni wenyewe. Nani alipanda cheo na nani alipata posho siandiki, hayo mtayasikia hata msipouliza. Ninaandika kazi. Na nitataja majina, kwa sababu waliotenda walikuwa na majina.

Baraza la kwanza nililoingia maishani sikuingia kama mjumbe. Niliingia jicho limefumba. Ilikuwa kijijini, upande wa Songwa, nilikoolewa na Mabula nikiwa bado msichana. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Masanja, mtu wa kucheka na kila mtu. Alilitazama jicho, akamtazama Mabula, akaniambia mimi, "Mwanangu, ndoa ni kuvumiliana." Mara ya pili ulikuwa mkono. Akasema vilevile, ila safari hii alimwambia na Mabula apunguze. Apunguze, kama chumvi. Mara ya tatu nilisema sirudi kwake, hata mkinifunga kamba.

Hapo ndipo kaka yangu Shija alipokuja kwa baiskeli kutoka Mhunze. Mahari yangu ilikuwa ng'ombe, na ng'ombe wale hawakumaliza hata msimu mmoja zizini kwa baba. Shija aliwachukua akaenda kuolea. Kwetu Usukumani mke akiondoka, mume anadai ng'ombe wake, na ng'ombe wa Mabula wakati huo walikuwa zizini kwa wakwe wa Shija, na mke wa Shija alikuwa mjamzito. Ndoa yangu ikifa, na yake inafuata. Akanivuta pembeni.

"Dada, unataka kunibomolea nyumba?"

"Yangu imeshabomoka," nikamwambia, "na hujauliza nani kaibomoa."

Wakakaa wanaume, wakasuluhisha. Ninalitumia neno hilo kwa sababu ndilo waliloandika juu ya karatasi. Mabula hatadai ng'ombe. Mtoto wetu Kabula, wa miaka minne, atabaki kwa baba yake. Mzee Masanja akasema kila mmoja amepata chake. Ni kweli. Shija alipata ng'ombe, Mabula alipata Kabula, mimi nikapata njia ya kutokea. Karani wao, Lukasi, aliisoma karatasi haraka kama mtu anayekimbia mvua, kisha akaniletea wino niweke dole gumba. Nilijua kuandika jina langu. Hakuna aliyeniuliza.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Kabula ninakwenda mashineni kusaga. Alikuwa uwanjani anachezea magunzi ya mahindi. Akaniuliza nitarudi na nini. Nikasema na unga.

Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza Mabula alinikuta mlangoni, akaingia ndani, akatoka na karatasi. "Haya, soma. Panapoandikwa kwamba utamwona, nionyeshe." Niliisoma mstari kwa mstari, kwa kidole, amesimama juu yangu. Hapakuwapo. Mtoto atabaki kwa baba, basi. Mara ya pili walisikia ninakuja, wakampeleka shamba la pamba la mbali. Mama mkwe alinipa maji ya kunywa, akaniambia kwa upole nisichelewe basi. Sikuwa na mstari wa kusimamia.

Nikaja Geita kama walivyokuja wengi, ila sikushika sururu, nilishika mwiko. Banda langu la chakula lilikuwa karibu na karasha, mashine ile ya kuvunja mawe ya dhahabu, na vumbi lake lilikuwa kiungo katika kila mboga. Nilipoulizwa naitwa nani nilisema Mama Kabula. Wachimbaji hawakuwahi kumwona huyo Kabula. Wengine nadhani waliamini ni jina la banda.

Bibi Perpetua alikuwa mteja wangu wa mchana. Msumbwa wa Ushirombo, mjane, aliyewapikia masista mpaka wakachoka wao kabla yake, na wakati huo alikuwa mwenyekiti wa baraza la kata. Siku moja mchimbaji mmoja na mkewe walifika bandani wakitukanana, kila mmoja anataka sahani yake na kona yake. Niliwawekea sahani moja katikati.

"Nimeishiwa sahani," nikasema. "Kuleni, mtaendelea mkishiba."

Sahani zilikuwa zimejaa ndoo nyuma yangu, wote wanaziona. Walikula. Mdomo uliojaa ugali hautukani vizuri, na walipomaliza hakuna aliyekumbuka walikuwa wamefikia tusi gani. Bibi Perpetua akanawa mikono akaniambia, "Wewe unapoteza muda na masufuria. Jumanne njoo ofisini."

Siku yangu ya kwanza nilivaa kitenge kipya nikaenda na kalamu. Nilidhani nitapewa kanuni. Nilikuta chumba chenye meza, kabati lisilofungika, na benchi. Benchi hilo ndilo ninalotaka mlijue. Fundi alilikosea, miguu aliiweka ndani mno, karibu na katikati. Wawili wakikaa huku na huku, limetulia. Mmoja akiinuka ghafla, mwenzake anakwenda chini. Bibi Perpetua alikaa mwisho mmoja, akanionyesha mwisho wa pili, nikakaa. Akaniuliza habari za safari, nikaanza kujibu, yeye akainuka.

Nilianguka na kitenge changu kipya. Hakucheka.

"Umeshaijua nusu ya kazi," akasema. "Ukitaka kuinuka, sema."

Watu wengi walijitolea kulitengeneza lile benchi, mmoja alikuja hadi na misumari. Bibi Perpetua alimfukuza. Alisema watu wanaokuja kwetu kila mmoja amezoea kuinuka na kuondoka: anainuka mezani, anainuka kitandani, anainuka anapanda pikipiki anafuata dhahabu Mbogwe, na hajui mwenzake alipoangukia. Hapa atajua. Niliona wanaume wakubwa, wenye maduara yao, mashimo yale ya dhahabu, wakiinua kidole kama watoto wa shule: "Mama, naomba niinuke." Bibi Perpetua anamjibu, "Usiniombe mimi. Mwambie huyo."

Lakini hakuanza kamwe na benchi, na hili mliandike ukutani. Alianza na stuli moja nyuma ya ofisi. Kila mmoja aliitwa peke yake akaketi pale, na swali la kwanza lilikuwa, "Unamwogopa?" Akijibu ndiyo, au akinyamaza vile tunavyokujua kunyamaza, benchi halitumiki. Bibi Perpetua alimpeleka mwenyewe kwenye dawati la jinsia polisi, kwa miguu, amemshika mkono. Aliyepigwa hakalishwi na aliyempiga, hata kama wazee wote wa ukoo wamekuja na kreti za soda. Siku niliyosikia swali lile kwa mara ya kwanza, lilikuwa linaulizwa mwanamke mwingine, nilitoka nikajifanya nakwenda chooni. Ofisini kwa Mzee Masanja stuli zilikuwa nne.

Mengine ni ya mkono. Talaka sisi hatutoi, ni kazi ya mahakama. Ikishindikana tunaandika hati ya kwamba tumeshindwa, na kushindwa si aibu. Ndugu ni mmoja mmoja kwa kila upande, na asiwe yule aliyeolea ng'ombe wa mahari. Mwanamume asiseme lalamiko lake kabla hajasema la mkewe, na mke vivyo hivyo. Hapo ndipo utasikia chumba kimetulia, maana mtu anagundua lalamiko la mwenzake analijua vizuri kuliko alivyojifanya. Na msiandike "wameelewana." Neno hilo halimwamshi mtu asubuhi kwenda kumchukua mtoto.

Hilo la mwisho sikulijua kwa kufundishwa. Nililijua kwa kukosea.

Dotto alikuwa mchimbaji, na Leokadia alikuwa mkewe, binti wa Kikatoliki kutoka Ushirombo, fundi cherehani. Walikuwa na mtoto mmoja, Tumaini, wa darasa la kwanza. Kosa la Dotto lilikuwa moja: akisikia mahali pametoka dhahabu, anaondoka. Miezi mitatu, minne, hana simu, anarudi mweupe kwa vumbi kama aliyefufuka. Kupiga hakupiga, stulini walisema wote wawili hawaogopani. Leokadia alikuwa amechoka tu. "Mimi si mjane," alisema, "lakini nimekaa matanga mara tano." Wakakubaliana kila mmoja aishi kwake. Bibi Perpetua alikuwa anaumwa wiki ile, kwa hiyo mimi ndiye niliyeandika makubaliano. Niliandika kwa furaha. Mtoto atabaki kwa mama. Nikapiga mstari chini, nikaona kama nimemrudishia mtu kitu.

Haukupita muda mrefu, Dotto akaja bandani mchana, chakula hakuagiza.

"Shikamoo, Mama Kabula."

"Marahaba."

"Nimekuja kuuliza. Kwenye ile karatasi, mimi nipo wapi?"

"Ulikuwa wapi mkeo alipokuhitaji? Si shimoni?"

"Nilikuwa shimoni, sikatai. Lakini karatasi nimesomewa na watu watatu, na sijaandikwa. Nikisimama njia ya shule nimwone Tumaini akipita, Leokadia ananitolea karatasi. Sasa nasimama ng'ambo, kwa muuza vocha. Muuza vocha ameanza kuniuliza nanunua lini."

Nilimwambia hayo ni mavuno yake. Akanitazama.

"Watu wanasema na wewe una mtoto. Anavaa kiatu namba ngapi?"

Nilichukua mwiko nikakoroga sufuria ambalo halikuwa na kitu. Akaondoka.

Jumanne iliyofuata Bibi Perpetua alirudi kazini, akavaa miwani yake ya vioo vinene, akafungua daftari kwenye ukurasa wangu. Alikaa nao muda mrefu kwa mistari minne.

"Minza, hii umemwandikia Mabula."

"Huyu anaitwa Dotto."

"Najua anaitwa Dotto. Uliyemwandikia ni Mabula." Akafunga daftari. "Na ulipokuwa unamwandikia Mabula, huyo mtoto umemfanya Kabula."

Ninawaambia wajumbe wapya, hakuna kofi nililopigwa na Mabula lililofika pale lilipofika neno hilo. Mkono wa Lukasi karani ulikuwa umeingia ndani ya mkono wangu, nikaandika kama yeye, neno kwa neno, nikabadilisha tu baba nikaweka mama.

Tukawaita upya. Leokadia alikaa mwisho wake wa benchi amekunja uso.

"Huyu hata Pasaka hajui ni lini," akasema. "Ndiye atakumbuka Jumamosi?"

"Pasaka inahama," Dotto akasema. "Jumamosi haihami."

Leokadia akageukia dirishani ili tusimwone anacheka. Lakini alirudi na sharti, na sharti hilo nimelinakili kwenye kila makubaliano tangu siku ile. Dotto atamchukua mtoto kila Jumamosi baada ya chai, atamrudisha kabla jua halijazama. Akipata safari ya duara la mbali, atamuaga Tumaini mwenyewe, uso kwa uso, amwambie anakwenda wapi na atarudi lini. "Asiniambie mimi nikamwambie," Leokadia akasema. "Anayekaa dirishani ni mtoto, si mimi."

Niliandika polepole. Kila neno lilikuwa na uzito wa jiwe la karasha. Tulipomaliza Dotto alishika ukingo wa benchi.

"Leokadia, ninainuka."

"Inuka," akasema, akajishikilia.

Tangu hapo, kila palipo na mtoto, swali langu lilikuwa moja. Watu walinitania kwa hilo, wakiniona sokoni wanaitana, "Huyo Mama Lini anakuja." Atamwona lini? Atamchukua lini? Atamwambia lini? Wenye haraka walinikasirikia. Afisa mmoja aliyekuja kutukagua alisema makubaliano yetu ni marefu mno, ndoa yenyewe haikuandikwa maneno mengi hivyo. Nikamwambia ndiyo maana wako hapa.

Bibi Perpetua amelala Ushirombo sasa. Alipozidiwa nilikwenda kumwona, na nilipoaga alinishika mkono, akasema, "Minza, mimi ninainuka." Nilijishikilia. Haikusaidia sana.

Baada yake tuliletewa viti vya plastiki, vya buluu, vyepesi, mtu anaweza kuinuka navyo akatoka nje bila yeyote kutikisika. Benchi lilitupwa nyuma ya ofisi kusubiri kuwa kuni. Nikaomba, wakanipa, likaletwa kwangu kwa bajaji ya mizigo. Liko barazani kwangu mpaka leo.

Mwaka jana Mabula alikufa. Habari nilizipata wiki tatu baadaye, kutoka kwa mtu wa Mhunze aliyekuja kutafuta kazi ya karasha. Sikulia wala sikufurahi, niliendelea kuchambua dengu. Kisha mwezi uliofuata, saa nne asubuhi, mwanamke mrefu akasimama uwanjani kwangu na mkoba. Ana paji la uso la mama yangu.

"Hapa ndipo kwa Mama Kabula?"

Nikasema ndipo. Akasema, "Mimi ndiye Kabula."

Nilimkaribisha, na kwa mshtuko nikamwonyesha benchi, nikakaa mwisho wa pili. Nilileta chai na michembe, viazi vitamu vya kukausha, hakugusa. Ana watoto wawili, anaishi Kahama, anauza vitambaa. Yote hayo aliyasema kama mtu anayejaza fomu. Kisha akasema, "Baba alituambia ulinibadilisha na ng'ombe wa mjomba."

Ningeweza kuanza na jicho. Ningeweza kuanza na Mzee Masanja, na Shija, na Lukasi na wino wake. Miaka yote nilikuwa nimeyapanga hivyo kichwani. Lakini nimekaa na watu wengi mno, najua mtu anapojibu swali na anapolikimbia.

"Karatasi ilisema hivyo," nikamjibu, "na dole ni langu."

Akainuka. Nikaenda chini na kikombe.

Aligeuka, akaniona mavumbini, akatupa mkoba akaja kuniinua kwa mikono yote miwili. "Umeumia? Mayu, umeumia?" Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Alikuwa akiniita hivyo akiwa na magunzi. Akanipangusa kitenge, amekasirika. "Benchi bovu hili, kwa nini hamlitengenezi?"

"Ndivyo lilivyo," nikasema. "Mtu akitaka kuinuka, anasema kwanza, mwenzake ajishikilie."

Bado alikuwa ameushika mkono wangu.

"Wewe ulisema?"

Nilitazama chini. Chai ilikuwa inaingia mchangani.

"Nilisema nakwenda mashineni," nikasema.

"Na utarudi na unga," akasema. "Nakumbuka. Nilikuwa nimeandaa ungo."

Hatukuongea mengi baada ya hapo. Nikamweleza la jicho, kidogo, alipouliza. Alikula mchembe mmoja. Nilimsindikiza mpaka barabarani, gari lilipokuja akanipa mkono amepiga magoti, kama mtu aliyelelewa vizuri, na hilo sikumfundisha mimi. Mlango ukafungwa.

Miaka kumi na minane nimewauliza watu lini. Nimewauliza wenye vyeo na wasio na viatu. Yeye sikumuuliza. Neno lilifika kwenye meno, nikaona sina haki nalo, likarudi.

Ndiyo kazi, wajumbe wapya. Swali la stulini msilisahau, na lini msiache kuliandika. Viti vyenu vya plastiki kaeni navyo, ila mkipata fundi asiyejua kupima, mwambieni awatengenezee benchi.

La kwangu lina shida moja kwa mtu anayeishi peke yake. Ukikaa mwisho, linakupindua. Lazima ukae katikati, juu ya miguu, kama mtu asiyemsubiri yeyote. Sikupenda. Nikaomba kwa vijana wa karasha jiwe moja zito, lisilo na dhahabu, wakaliweka kwenye mwisho alipokaa Kabula. Sasa asubuhi ninakaa mwisho wangu, jiwe upande wa pili, benchi limetulia, na uso wangu uko barabarani. Watu wanauliza jiwe ni la nini. Ninawaambia linashika nafasi.

Ni zito, lakini nimelijaribu. Nikilisukuma kwa mikono miwili linaondoka.